Mshono wa Kwanza: Kikapu, Kitambaa na Uzi Mwekundu katika Vilima vya Masisi

Utarizi wa msalaba ni ufundi wa kujaza kitambaa kwa vimisalaba vidogo vya uzi, kila kimoja kikiundwa kwa mishono miwili ya mshazari inayokatizana, na kwa kuwa vimisalaba hivyo hulingana kwa ukubwa na vyaweza kuhesabiwa, picha nzima husomwa kutoka kwenye karatasi yenye miraba na kuhamishiwa kitambaani bila kuchora hata mstari mmoja. Uhesabikaji huo ndio unaozaa swali ambalo mshona vikapu hana sababu ya kujiuliza: mshono wa kwanza uwekwe wapi, na kwa uzi wa rangi gani? Kitambaa kitupu hakimwelekezi fundi popote, kwa maana kila tundu lake ni sawa na jingine, na ndiyo sababu kila mahali ufundi huu ulipofika ulifuatana na kanuni za kuanzia, ambazo wanafunzi wengi walizipokea kama sheria zisizo na mwandishi, ingawa kila moja yake ilizaliwa na haja maalumu ya watu maalumu.

Vilima vinavyouzunguka mji wa Rubaya, katika wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, vinafaa kuwa mahali pa kulichunguzia swali hilo, kwa sababu ndani ya miaka mia moja hivi kazi mbili za sindano zenye mantiki tofauti kabisa za kuanza zimeishi huko jirani. Rubaya ya leo hutajwa duniani kwa ajili ya koltani, yaani mawe yanayotoa madini ya tantalamu yatumikayo katika vifaa vya umeme, na kwa ajili ya vita vilivyoyafuata machimbo hayo, hasa tangu kundi la waasi la M23 lilipoutwaa mji huo mwisho wa Aprili 2024. Lakini kabla ya machimbo kulikuwa na malisho, mashamba na vijiji vya vilima vya baridi, ambako Kihunde na Kinyarwanda vilisikika pamoja na Kiswahili, na ambako nyasi za bondeni zilikuwa malighafi ya mikono ya wanawake muda mrefu kabla ya uzi wa pamba kuuzwa dukani.

Sehemu kubwa ya mchanganyiko huo wa lugha ina tarehe. Mwaka 1937 utawala wa Ubelgiji ulianzisha mpango uliojulikana kwa kifupi cha Kifaransa MIB, maana yake ujumbe wa kuwahamisha Wanyarwanda, ambao hadi mwaka 1955 ulileta Masisi makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, kwa shabaha mbili zilizokwenda pamoja: kupunguza msongamano na njaa upande wa Rwanda, na kuyapatia mashamba ya walowezi wa Kivu vibarua. Wahamiaji hao walipewa utawala wao wa kichifu huko Gishari, ambao serikali ileile ya kikoloni iliufuta mwaka 1957, na ugomvi wa ardhi na mamlaka uliotokana na maamuzi hayo mawili haujaisha hadi leo. Historia ya siasa imeyaandika hayo kwa kirefu. Iliyogusiwa kidogo ni kwamba ufundi nao ulihama, kwa kuwa mwanamke aliyepanda vilima vya Masisi na mzigo kichwani alikuwa na ujuzi wa kushona kikapu ambao haukuhitaji mzigo wowote zaidi ya chombo kimoja chenye ncha, kiitwacho uruhindu kwa Kinyarwanda, ambacho kwa kazi yake hakiko mbali na shazia ya washonaji wa mikeka wa pwani.

Kusema “kushona” kikapu si kosa la lugha. Vikapu vya aina ya agaseke, yaani kile kikapu kidogo chenye kifuniko kilichochongoka, havisukwi kwa kupishanisha vipande. Hujengwa kwa kuzungusha kitita chembamba cha nyasi kama nyoka anayejikunja, huku uzi wa jani ukikifunga kila mzunguko na ule uliotangulia kwa mishono iliyobanana. Ufundi wa namna hiyo una mahali pamoja tu pa kuanzia, nako ni katikati ya kitako, ambapo kitita hukunjwa kikawa kama kifundo kidogo kuliko punje ya mahindi, na kila kitakachofuata, upana wa tumbo, mwinuko wa ukuta, hata nafasi ya pambo, hutegemea jinsi kifundo hicho kilivyokazwa. Fundi haamui aanzie wapi, kwa sababu umbo limekwisha kumwamulia. Anachoamua ni lini rangi iingie.

Na rangi haikuingia mapema. Kabla ya rangi za dukani kuenea, mshonaji wa maeneo haya alikuwa na rangi tatu tu za uhakika: kimanjano cha nyasi zenyewe, weusi uliopatikana kwa kuchemsha utomvu wa ua la mgomba, na wekundu uliotokana na mizizi na mbegu za mmea uitwao urukamfu. Rangi mbili kati ya hizo ziligharimu kuni, chungu na siku za kusubiri, na ni kawaida ya rangi za mimea kwamba chungu cha pili hakitoi weusi uleule wa chungu cha kwanza, hivyo nyuzi za pambo moja zilipaswa kutiwa rangi kwa pamoja. Uchumi huo unaonekana katika vikapu vyenyewe: kitako, ambacho hukaa chini na hakionwi na mgeni, kwa kawaida huachwa katika rangi ya nyasi, na weusi hutokea pale ukuta unapoanza kupanda, ambapo mshonaji hugawa mzunguko katika sehemu sawa kwa kuhesabu mishono, kisha kila mzunguko unaofuata akasogeza mwanzo wa weusi mshono mmoja kulia au kushoto, mpaka mstari wa mshazari au wa kupindapinda ujitokeze. Anayehesabu mishono ya rangi mbili kwa namna hiyo anafanya hesabu ileile ya utarizi wa msalaba, ila tu miraba yake imejikunja katika mduara.

Upande wa magharibi, vilima vinaposhuka kuelekea misitu ya Walikale, mantiki ya mwanzo hubadilika tena. Vikapu vya kubebea vya msituni, vinavyosukwa kwa henzirani na mimea mingine itambaayo, huanza kwa vipande vigumu vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, ambavyo baadaye hukunjwa kwenda juu na kuwa mbavu za kikapu. Hapo mwanzo ni msalaba wa kweli, mkubwa na wa lazima, na rangi haina nafasi yoyote katika uamuzi. Chombo cha kubebea mihogo hakingojewi kupambwa.

Sindano ya chuma na uzi wa pamba vililetwa na watu wengine. Tangu miaka ya 1890 mashirika ya masista wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji yalikuwa na shule za wasichana katika Kongo, na karibu kila shule ya namna hiyo ilikuwa na chumba cha kushonea. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mafunzo hayo yalitanuliwa nje ya misheni kupitia vituo vilivyoitwa foyer social, ambamo wake za wafanyakazi wa mjini walifundishwa kushona, kutia viraka, kufuma, kufua, kupiga pasi na kupika chini ya wanawake wa Kibelgiji na wasaidizi wao Waafrika; kile cha Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, kilianza mwaka 1946, na mfuko wa ustawi wa wenyeji ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947 ulisaidia kazi ya aina hiyo katika Kongo. Lengo lilitamkwa bila kificho: kumfanya mke wa mfanyakazi awe mama wa nyumbani wa mfano wa Kibelgiji, mwenye meza iliyotandikwa kitambaa. Kwa hiyo kitambaa cha meza kiliwatangulia wengi wa wenye kujifunza kukitarizi katika kupata meza yenyewe, na si vibaya kulisema hilo kwa tabasamu.

Hata msamiati una alama za njia hiyo. Kiswahili cha pwani kina vitenzi viwili, kutarizi, kilichotoka katika Kiarabu, na kudarizi, kinachohusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya mshono, na vyote viwili vinanuka marashi ya mavazi ya mjini. Kiswahili cha Kivu kilipokea kazi yenyewe kutoka kwa Wabelgiji na kikapokea jina pamoja nayo, kwa hiyo husikika zaidi kubrode, kutokana na kitenzi cha Kifaransa, kana kwamba maneno ya pwani hayakupata nafasi ya kupanda mlima.

Kanuni ya kwanza iliyoletwa na masista ilihusu rangi, na rangi hiyo ilikuwa nyekundu. Katika shule za Ubelgiji na Ufaransa za karne ya 19 msichana alianza utarizi wa msalaba kwa kazi iitwayo marquoir, yaani kitambaa cha kujifunzia kutia alama, ambacho juu yake alitarizi alfabeti, tarakimu na pengine jina lake, karibu kila mara kwa uzi mwekundu kwenye kitani cheupe. Sababu haikuwa uzuri. Nguo za nyumba kubwa, za hospitali na za watawa zilifuliwa pamoja kwa kuchemshwa, na kila shuka lilipaswa kuwa na herufi na namba za mwenyewe zisizofutika; miongoni mwa rangi zilizopatikana kwa bei ya kawaida, wekundu ulioitwa wekundu wa Kituruki, uliofika Ulaya Magharibi katikati ya karne ya 18 na kutiwa kwa mizizi ya mmea uitwao garance kwa Kifaransa, ulikuwa mmoja wa chache zilizostahimili maji ya moto na sabuni kali bila kuchuja. Mwaka 1868 wanakemia Wajerumani Carl Graebe na Carl Liebermann waliweza kuitengeneza maabarani alizarini, ambayo ndiyo kiini cha rangi hiyo, na baada ya muda si mrefu uzi mwekundu usiochuja ukawa rahisi hata kwa shule ya kijijini. Hivyo mwalimu aliyempa mtoto wa Kivu uzi mwekundu aanze nao alikuwa akimkabidhi, pengine bila kujua, uamuzi uliofanywa kando ya birika la kufulia.

Kanuni ya kwanza ya mahali nayo ilitokana na alfabeti. Anayetarizi herufi huanzia pembe ya juu kushoto, kwa sababu ndiko A inakokaa, na huendelea kulia mpaka mstari uishe, kama anavyoandika daftarini. Hii ndiyo sababu vitambaa vya kujifunzia vya wanafunzi mara nyingi huonyesha herufi za mwisho zikiwa zimebanana: nafasi ilihesabiwa kutoka mwanzo wa mstari, wala haikugawanywa kutoka katikati. Kwa mtoto ambaye mama yake alishona vikapu, jambo geni hapo halikuwa sindano. Lilikuwa kuanzia pembeni, mahali ambapo kwa mantiki ya kikapu kazi huishia.

Kanuni ya katikati, ambayo leo hurudiwa kana kwamba ni ya tangu na tangu, iliimarika pale utarizi ulipoacha kuwa alama ya shuka na kuwa picha. Mwaka 1886 Thérèse de Dillmont, mtarizi mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi na kampuni ya nyuzi ya DMC ya Mulhouse, iliyoanzishwa mwaka 1746, alichapisha kamusi elezo kubwa ya kazi za mikono za wanawake, iliyotafsiriwa katika lugha nyingi, na mafunzo ya namna hiyo, pamoja na majedwali ya miraba yaliyochapwa kwa wingi, yaliwafikishia wanawake picha zilizopangwa na mtu mwingine. Wakati huohuo viwanda vya Ulaya vilianza kutengeneza vitambaa vya kutarizia ambavyo nyuzi zake za mtande, yaani zile za urefu, na za mshindio, yaani zile za upana, zimefumwa kwa mafungu yanayoacha matundu ya wazi. Maarufu kati yake ni kile kiitwacho Aida. Picha inapopangwa na mtu mwingine na kitambaa kikanunuliwa kwa kipimo, hatari kubwa ni kufika mwisho wa kitambaa kabla ya mwisho wa picha, na dawa yake ni kukunja kitambaa mara mbili, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana, kutia alama pale mikunjo inapokutana, kutafuta mraba wa katikati wa jedwali, na kuanzia hapo. Kanuni hii ni bima dhidi ya uhaba wa kitambaa na haina ubora mwingine wowote. Mwenye kitambaa kingi na hesabu nzuri aweza kuanzia popote, na watarizi stadi hufanya hivyo.

Kuhusu rangi, maoni yamegawanyika pande mbili, na kila upande una haki yake. Wanaoanza na rangi hafifu husema kwamba manyoya ya uzi mweusi au mwekundu hunaswa na uzi mweupe unaopitishwa baadaye katika matundu yaleyale, na weupe ukafifia. Wanaoanza na rangi nzito husema kwamba mistari mieusi ya picha ni kama nguzo za nyumba, ikishasimama hesabu ya zilizobaki hupungua, na kwamba weupe ukitangulia huchafuliwa na mikono kwa muda wote wa kazi. Katika nchi ya Goma na Masisi, ambako Nyiragongo, mlima uliomwaga lava mjini mwezi Januari 2002 na tena hadi kingoni mwa mji Mei 2021, umetandaza mawe na vumbi jeusi kila mahali, na ambako maji ya kufulia mara nyingi huchotwa mbali, hoja ya pili ndiyo yenye nguvu. Kuna pia njia ya tatu isiyoandikwa sana vitabuni, nayo ni kuanza na rangi inayochukua eneo kubwa kuliko zote, ili upungufu wa uzi ugunduliwe mapema wakati uzi wa mkupuo uleule bado uko dukani. Kila mkupuo wa rangi kiwandani hutofautiana kidogo na mwingine, kama vile chungu cha kwanza cha utomvu wa mgomba kinavyotofautiana na cha pili, na hapo mtarizi na mshona vikapu wanasumbuliwa na jambo lilelile.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba Kongo ilingoja masista ndipo ijue kutarizi kwa kuhesabu. Katika Kasai, mbali upande wa kusini-magharibi, Wakuba, na hasa Washoowa miongoni mwao, walikuwa na utarizi wa rafia uliomshangaza mmisionari Mmarekani mweusi William Sheppard alipofika mji mkuu wa mfalme wao mwaka 1892. Huko wanaume hufuma kitambaa kitupu cha rafia, na wanawake hukitarizi kwa kupitisha uzi chini ya nyuzi za kitambaa na kuukata juu yake ili vishungi vilaini kama mahameli visimame. Mtarizi wa Kikuba haongozwi na mchoro uliochorwa kitambaani. Pambo limo kichwani, na kazi inaposonga aweza kuligeuza, akakuza umbo moja au kuukatiza mstari uliotazamiwa kuendelea, kiasi kwamba kitambaa kimoja huonekana kama mazungumzo yaliyobadilishwa mada katikati. Kwamba uhuru huo haukuwa ovyo kulithibitishwa na mwanahisabati Donald Crowe, ambaye mwaka 1971 alionyesha kuwa sanaa ya Wakuba ina aina 12 kati ya 17 za mpangilio wa kurudiarudia unaowezekana kihisabati kwenye uso bapa. Wataalamu wa kanuni ya katikati wangepata shida kueleza hilo. Pambo linalobadilika njiani halina katikati ya kutafutwa, kwa sababu mwenye kazi mwenyewe hajui bado litaishia wapi.

Pwani nako kuna majibu mengine ambayo ufundi wenyewe huyatoa. Katika ukili, yaani utepe wa majani ya ukindu unaosukwa kisha kuunganishwa kuwa mkeka, majani yaliyotiwa rangi yapaswa kuwekwa mahali pake tangu msuko wa kwanza, kwa kuwa jani lisiloingia mwanzoni litaharibu mfuatano wote. Na katika kofia za viua, ambazo hushonwa kwa vipande viwili, kile cha juu na kile cha kuzunguka kichwa, swali la rangi mara nyingi halizuki, maana uzi mweupe hushonwa juu ya kitambaa cheupe na pambo huonekana kwa vivuli vya matundu tu.

Mtafiti anayetaka kujua fundi alianzia wapi hahitaji kumwuliza, kwa kuwa kazi huhifadhi ushahidi wake upande usioonyeshwa. Kikapu kikipinduliwa, kifundo cha mwanzo kiko wazi katikati ya kitako, na ulegevu wake au ukakamavu wake waweza kupimwa kwa kidole. Kitambaa kikigeuzwa, mwanzo hutambulikana kwa mkia wa uzi uliolazwa na kufungwa na mishono iliyofuata, kwa kuwa masista walikataza fundo, ambalo huvimba chini ya pasi. Rangi iliyotangulia ni ile iliyo chini pale nyuzi mbili zinapopitana nyuma, na mwelekeo wa mshono wa juu wa kila msalaba, ambao kanuni hutaka uwe mmoja kitambaa kizima, hubadilika pale mkono mwingine ulipoipokea kazi. Lakini vikapu hupigwa picha kwa ubavu, pambo likiwa mbele, na vitambaa vya kupambia ukuta hubandikwa kwenye ubao na kufunikwa kioo. Vile vya mezani, ambavyo migongo yake ingeweza kusomwa, vimefuliwa hadi kitambaa kikachanika.

Katika vilivyofanyiwa kazi kwa uzi wa alizarini, herufi nyekundu zilidumu kuliko kitambaa chenyewe.